Mate Yangu na Tyubu ya Watu Kule Bondeni

Wadau, najua voisi ya yule msaliti imeshafika magrupu yote mpaka la ukoo. Anadai niliingia jumba la sanaa Johannesburg nikaomba pampu. Uongo. Pampu sikuomba. Nisikilizeni mwenyewe, maana ukweli una aibu ya kutosha bila kuongezewa chumvi.

Mimi na huyo msaliti tulikuwa Rosebank, mtaa wa Johannesburg, tumetoka kuulizia bei ya mashine ya kufungulia matairi ya lori. Saa tisa alasiri ikashuka mvua ya mawe, tukakimbilia mlango wa kwanza uliokuwa wazi. Ndani kuta nyeupe, kimya kama msikitini. Kiingilio bure (hapo ndipo ningeshtuka). Na katikati ya sakafu, tyubu.

Siyo picha ya tyubu. Tyubu zenyewe za lori, zimepasuliwa na kushonwa kwa utepe wa satini wa waridi, zikawa kama mnyama aliyelala ubavu. Mwingine angeona sanaa. Mimi nina miaka 14 ya kuziba pancha, nikaona kazi imeharibika. Tyubu haishonwi, jamani! Unaisugua kwa msasa mpaka mng'ao utoke, unapaka solusheni nyembamba, unasubiri mpaka kidole hakinati, ndipo unabandika kiraka na kukigonga kuanzia katikati kwenda pembeni, hewa isibaki chini. Ukibandika solusheni ikiwa mbichi, kiraka kinabanduka kabla mteja hajakata kona. Sasa huyu kashona! Kila tundu la sindano ni pancha. Kwenye utepe mmoja tu nilihesabu 63.

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo voisi imeruka.

Nikachuchumaa. Ubavuni mwa yule mnyama ilikuwa imebaki valvu, kofia haina. Mkono wa kulia ukanyanyuka wenyewe. Kidole cha shahada kikaingia mdomoni. Kikatoka kimelowa. (Msiojua: mate yakiwekwa juu ya valvu yakatoa povu, sindano yake inavuja.) Kikashuka. Nikayaona mate yangu yanameta chini ya taa za watu, tone moja safi, nami nimeinamisha shingo, jicho moja nimefumba, nangoja povu kwenye tyubu iliyopasuliwa vipande.

"Hayi, bhuti!"

Mama mlinzi, kwa lugha ya kwao: hapana, kaka! Sauti ikagonga ukuta ikarudi. Wageni wawili waliokuwa wanasoma maelezo ukutani wakageuka. Kidole bado kiko pale pale. Badala ya kusema samahani mama, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha gereji kwamba hii kitu inavuja, aniletee beseni la maji nimhakikishie.

Beseni, wadau. Siyo pampu.

Yaliyofuata ni mafupi: samahani kumi, kitambaa laini, jina langu kwenye daftari. Kijana wa mapokezi, Mungu ambariki, alicheka. Akatueleza kuwa aliyeifikisha tyubu mbali duniani ni Nicholas Hlobo, mzaliwa wa Cape Town, anayezishona kwa utepe makusudi, mshono uonekane. Mwaka 2011 alipeleka Venice, Italia, dude kubwa lenye mabawa, na jina lake la Kixhosa maana yake ni "ndege wote wa radi wananifuata". Baadaye likaning'inizwa Zeitz MOCAA kule Cape Town, ghala la zamani la nafaka lililogeuzwa makumbusho na kufunguliwa 2017. Akataja radi, na nje ikapiga. Nikarudisha mikono mfukoni.

Nikaitazama upya ile mishono, kwa macho tu safari hii. Nafasi kati ya tundu na tundu ilikuwa sawasawa kuliko viraka vyangu vyote, na hilo msimwambie mteja wangu yeyote.

Ingawa mmeshachelewa. Leo asubuhi mmoja kaleta baiskeli, tairi la nyuma limelala kabisa. Nikanyoosha mkono, akarudi nyuma na baiskeli yake: "Hayi, bhuti! Usiguse, angalia tu."