Kutu sio ya gari, ni ya geti la mtu

Jumamosi iliyopita nimegombana na fundi rangi nisiyemjua hata jina, mbele ya shemeji yangu, kisa gari yake, Toyota IST. Najua sio adabu, mke wa kaka yangu amezoea kuniona mtu mpole, ila kuna maneno mtu akiyasema mbele yako huwezi kunyamaza. Jamaa kapitisha kiganja kwenye boneti mara moja tu, kashika kiuno, katingisha kichwa kama mtu anayeleta taarifa ya msiba, halafu anasema, "Dada hii rangi imeshakufa. Na bodi imeanza kula kutu, ona hapa." Akamwonyesha vitone. Laki tisa kupiga rangi gari nzima. Na kama hela imekaa vibaya basi laki na nusu apige rabing, yaani aisugue rangi na mashine, aifufue.

Aifufue! Nabii kabisa.

Sasa vile vitone mimi nilivijua toka nikiwa mbali. Gari yenyewe silva, ya 2004, kila siku inashinda chini ya mwembe pale Tabata nje ya duka lake la steshenari, na ukuta wa pili ni kijiwe cha mafundi wa mageti, grainda inalia toka saa mbili asubuhi mpaka magharibi. Zile cheche zinazoruka wakikata chuma mnadhani zinaenda wapi, mbinguni? Ni chembe za chuma za moto, zinatua juu ya rangi ya gari zinajichimbia kidogo, usiku umande unashuka, wiki mbili tatu zinashika kutu. Kwa hiyo kutu ipo, sibishi. Ila sio ya gari, ni ya geti la mtu. Shemeji yangu alikuwa dakika tano kabla ya kulipa laki tisa kwa ajili ya kutu ya geti la mtu asiyemjua.

Nikamwambia shem naomba gari nikae nayo mpaka kesho, nisipoiweka sawa rangi unapiga na mimi nachangia. Fundi akacheka. "Bro unaenda kuitoa na nini, maji ya baraka?"

Jumapili asubuhi kabla jua halijachachamaa nikaiosha kwanza vizuri pale nyumbani, ikakaa kivulini mpaka bati likapoa. Halafu nikamwita shemeji nikampa mfuko wa mkate (rambo hatuna toka Juni 2019, sheria ni sheria), nikamwambia vaa mkononi kama glavu, pitisha vidole kwenye boneti, taratibu, usikandamize. Alivyogusa tu akautoa mkono. Kwarakwarakwara. Ni kama ulimi wa paka, boneti nzima. Akaniuliza mbona kwa mkono mtupu hakusikia hivyo, nikamwambia ngozi inanasa, plastiki inateleza, kwa hiyo kila kakipele kanaonekana. Hiki kipimo hakina gharama, kila mwenye gari anaweza kukifanya kesho asubuhi, na ningependa mkifanye kabla hamjampa mtu yeyote hela ya rangi.

Ndio nikatoa udongo, ule wa kusafishia rangi ya gari.

Sasa shemeji ana mimba ya miezi sita, na alipoona kidonge cha kijivu kinatoka kwenye kopo, macho yakamtoka. "Shem huo ni wa kula?" Wa kula ni pemba, shem, huu ukiula tutakutana Muhimbili. Tunauita udongo kwa sababu Wazungu wameuita udongo, ila wala haujachimbwa popote, ni mchanganyiko wa plastiki laini na unga mgumu mno ambao hauuoni kwa macho. Mjapani mmoja, Tadao Kodate, ndiye mwenye hati ya uvumbuzi wake Marekani, ya 1995, na humo hakuandika udongo, aliandika jiwe la kusagia linalonyumbulika. Shikeni hilo jina nitalirudia, maana wauzaji hawataki mlijue.

Nimekata kipande kama theluthi, nikakikanda kama donge la chapati mpaka kikalainika, nikakifanya bapa la kutosha vidole vitatu. Chupa ya kupulizia ina maji na shampuu kidogo ya gari, SIO sabuni ya unga jamani. Napuliza eneo kama la mto wa kochi, hapo hapo, mpaka linateleza kabisa, ndio naweka udongo na kuuendesha kwa mstari, mbele nyuma, bila nguvu. Uzito wa mkono wenyewe unatosha. Mwanzoni unausikia unakwaruza, kasauti kama ka mtu anayekwangua masizi kwa mbali, na mkono unahisi vikwazo. Pita ya nne ya tano kasauti kanapungua. Pita ya nane kimya, udongo unateleza kama umepakwa mlenda. Unafuta, unahamia eneo jingine.

Nikaugeuza nikamwonyesha. Upande wa chini ulikuwa kahawia, ile kahawia ya chai ya rangi iliyochacha, na katikati kuna vichembe ukiviangalia vizuri ni vyeusi, vigumu. Shemeji akavishika kwa kucha. Akaangalia boneti, akaangalia udongo, hakusema kitu, akavaa tena mfuko wa mkate. Akapitisha mkono. Akapitisha tena. Mtoto wa kioo sasa. Akamwita kaka.

Vitone vyote havikutoka kwa udongo nisiwadanganye, vingine vilikuwa vimezama, nikavipigia ile dawa ya kutoa chuma inayogeuka zambarau na kunuka mayai viza, jirani akafunga dirisha. Kwa haki kabisa ningeanza na dawa ndio udongo ufuate, hivyo udongo hauchoki sana. Nilikuwa na munkari.

Haya, sasa nije kwenye lililoniuma, maana gari kung'aa mimi sio issue yangu.

Nilimwomba shemeji karatasi moja ya fotokopi, A4 ya kawaida, si anaziuza. Nikamwambia shika kwa vidole viwili, sikia unene wake. Rangi yote ya gari iliyotoka kiwandani, praima ya chini, rangi yenyewe na klia, ile ya kupitisha mwanga, juu yake, unene wake ni kama hiyo karatasi, mikroni mia na kitu, na mikroni elfu moja ndio milimita moja. Yote! Na klia peke yake, ambayo ndiyo inayong'aa na ndiyo inayozuia jua lisiichome rangi, ni kama 40 mpaka 50, nusu karatasi haifiki. Unywele wako mmoja mara nyingi ni mnene kuliko hiyo klia. Sasa anakuja mtu na mashine ya kasi na pedi ya sufu na kampaundi, ile dawa ya kusugulia yenye chenga, anakwambia anaifufua. Anaifufua na nini? Mashine haiongezi kitu bana, mashine inapunguza. Kila ikipita inaondoka na kiasi, na kilichoondoka hakirudi mpaka upulize upya. Ni sawa na mtu ana akiba benki, haweki, anatoa tu, na kila akitoa anapiga makofi anasema nimepata hela.

Na gari zetu hizi ndio balaa zaidi, maana hatukuzianza sisi. IST ya 2004 imetumika Japani, imepita mnadani, nani anajua huko imepigwa mashine mara ngapi ili ipendeze kwenye picha? Imefika bandarini, dalali kaipiga mashine ili iuzike. Mwenye gari wa kwanza hapa bongo kaipiga Krismasi. Wa pili kaipiga ya harusi. Halafu wewe wa tatu unaambiwa imekwaruza, ipigwe. Mashine ikiifikia kingo ya boneti pale kwenye mkunjo, ndipo klia ni nyembamba zaidi na ndipo pedi inakandamiza zaidi, siku moja unaona kama doa la ukungu, mwezi mmoja limekuwa kubwa kama sahani, jua la Dar limeshapata njia. Hapo SASA rangi imekufa. Na aliyeiua ni huyo huyo atakayekuja kukuuzia kupulizwa upya kwa laki tisa. Akikuchaji mara mbili unamshukuru mara mbili.

Ndio maana niligombana. Kama tatizo ni kitu kilichong'ang'ania JUU ya rangi, kwa nini mtu anaiondoa rangi? Mtoto akirudi na matope miguuni unamchuna ngozi?

Narudi kwenye jiwe la kusagia maana najua kuna watu washanyoosha mkono. Ndio, udongo nao unasaga. Ukiutumia vibaya unaacha mikwaruzo ya ukungu, hasa kwenye gari nyeusi, na wakati mwingine hata ukiutumia vizuri. Mimi mwenyewe mwaka juzi nilikuwa nafanya mlango wa gari yangu, udongo ukaniponyoka ukaanguka chini, kwenye sementi yenye mchanga, nikaangalia kushoto kulia, nikaufuta na suruali, nikaendelea. Elfu thelathini na tano niliununua, roho iliniuma kuutupa. Mlango wa nyuma kulia mpaka leo jua likipiga kwa ubavu unaona mistari kama mtu kachana nywele. Ukidondoka TUPA. Ndio maana siku hizi nakata theluthi theluthi, hasara ikija iwe ndogo.

Na mashine ina kazi yake, haya nakubali, mmefurahi? Mikwaruzo ya kucha, ile miduara ya utando wa buibui unayoiona juani, udongo hauigusi, hiyo ni kazi ya mashine na fundi mwenye mkono mwepesi, na wapo, sijasema hawapo. Ila hata huyo fundi mzuri anaanza na udongo, maana akipitisha pedi juu ya vile vichembe vya chuma anavizungusha bodi nzima. Usipomwona na udongo wala dawa ya chuma, chukua funguo zako.

Klia iliyobabuka ikatoka magamba, pole, hapo hamna udongo wala dua. Piga rangi.

Madoa meupe ya maji ya kisima, yale ya chumvi ambayo waosha magari wetu wanatugawia bure kabisa bila kuombwa, udongo unayapunguza kwa shida, siki iliyochanganywa na maji inafanya kazi zaidi, pakaa, futa, suuza haraka.

Na ukiona udongo unabeba weupe wa gari yako usipige kelele. Toyota nyingi za zamani za ile nyeupe kavu hazina klia juu, ni rangi tupu, kwa hiyo inatoka kidogo.

Kundi jingine linaloniudhi ni wale vijana wa mtandaoni wenye glavu nyeusi na muziki, wanakupa pakeji "udongo kila mwezi" kama vile ni kusuka nywele. Kila mwezi wa nini? Jiwe la kusagia kila mwezi? Mara moja kwa mwaka inatosha watu wengi, mbili kama unapaki jirani na reli au grainda. Pitisha mfuko wa mkate, ikiwa laini achana nayo, kanywe chai. Na mkimaliza wekeni waksi, siku hiyo hiyo, maana udongo unaondoka na waksi yote iliyokuwepo. Huyo kijana wa pakeji kwa shemeji angepiga picha ya kabla na baada, angeiachia gari hivyo hivyo uchi ikapigwe na jua la saa saba.

Tulimaliza saa sita na nusu, mimi na kaka, yeye anapuliza mimi naendesha, boneti, paa, milango minne, buti. Paa ndio lilikuwa na utomvu wa mwembe, matone magumu kama kaharabu, yale nililainisha kwanza na spiriti kwenye kitambaa nikasubiri, ndio udongo ukayabeba. Mavi ya kunguru yaliyokaa muda yameacha alama, hizo zimebaki, yanakula klia yale. Kwa wasiojua, hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wale takataka, mtu akasema ni wazo zuri. Haya, tunaoga nao mpaka leo.

Jumatatu shemeji kaenda nayo kazini. Yule fundi akapita, kaiangalia, kapitisha kiganja, kasema dada umepiga rangi wapi? Kamwambia, "Shemeji yangu kaikanda." Jamaa kaguna kaondoka, ila jioni karudi kuuliza huo udongo unauzwa duka gani Kariakoo, kwa hiyo nampa maksi zake, wengine wasingerudi.

Jana nimepita Tabata na bodaboda, mbio mbio, nikageuza shingo. Silva inang'aa kweli, inaonekana toka barabarani. Imepaki chini ya mwembe ule ule, pua imeelekea kwa mafundi wa mageti, na grainda inatema cheche mpaka karibu na bampa. Nikampigia simu pale pale kwenye boda.

"Shem, gari!"

"Shem, jua," akanijibu. "Mimi na tumbo hili niingie kwenye gari ya moto?"

Kipande changu kimebaki theluthi moja.