Zuhura na Mimba ya Miezi Mitatu

Naona shoga yangu kaniwahi kusimulia ile siku tulipompeleka paka wangu kwa daktari, tena na chumvi zake. Eti nilizimia. Sikuzimia jamani, nilikaa tu chini, sakafu ilikuwa ya baridi.

Mnaomjua Zuhura, paka wangu wa rangi ya chungwa, mliliona lile tumbo. Tangu Januari linaning'inia tu. Nikautangazia mtaa mzima hapa Tandika kwamba binti ana mzigo. Nikaandaa boksi la kuzalia, nikatandika kanga yangu ya Idi. Na kwa kuwa daktari ni hela na mimi sina, nikapata akili: anayetaka kitoto alete kianzio, shilingi 5,000. Wakaleta watatu. Bajeti yangu ya matibabu ndiyo hiyo, 15,000. Chekeni tu.

Kumpata daktari sasa! Duka la dawa za mifugo, muuzaji ananiuliza nina vifaranga wangapi. Bwana mifugo niliyepewa namba yake, aliposikia "paka" alinyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Kumbe yeye ni wa ng'ombe. Aliyetuokoa ni mama muuza mayai, akatuelekeza kwa daktari anayetibu mbwa na paka. Zuhura ndani ya kikapu cha sokoni, shoga kashika kifuniko, tukapanda bajaji.

Daktari akavaa glavu. Akabonyeza tumbo taratibu.

"Mimba ya muda gani, dada?"

"Inaingia mwezi wa nne."

Akaacha kubonyeza. "Paka hubeba miezi miwili na siku chache."

Nikamwambia labda Zuhura anachelewa, hata mama yangu alinichelewesha. (Kwa nini nilisema hivi, msiniulize.)

Akainua mkia. Akatazama. Akaushusha, akanitazama mimi. Akauinua tena. Kisha akamwita kijana wa mafunzo, "Njoo uone," na yule kijana akaja na mzee mwenye mbwa wake aliyekuwa foleni, maana mlango haukufungwa.

"Dada, hivi viwili hapa, wewe unaviita nini?"

Kimya. Hata mbwa wa mzee kanyamaza.

"Nilidhani majipu," nikasema. Ningeishia hapo ningepona. Lakini mdomo wangu mnaujua. "Juzi nimevikanda na maji ya chumvi."

Shoga yangu akatoka nje. Yule kijana akageukia ukutani, mabega yanacheza. Mzee akasema, "Pole sana," na hakuwa ananiambia mimi. Zuhura naye akanitazama kwa macho ya mtu aliyekuwa akisubiri siku hii. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Daktari, Mungu ambariki, akajikaza. Akaniambia paka wa rangi hii wengi ni madume, kama wanne katika kila watano. Tumbo ni minyoo kidogo na shibe nyingi. Kumbe Zuhura anakula nyumba tatu. Halafu akauliza habari za chanjo ya kichaa cha mbwa. Nikamjibu huyu si mbwa. Jamani. Paka naye huugua na huambukiza, anachanjwa kila mwaka, na mwezi Septemba, tarehe 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huchanja bure. Mimi Septemba iliyopita nilikuwa nachagua kanga.

Jumla, dawa ya minyoo, sindano na kumwona daktari: 28,000. Hapo kuhasiwa bado, hiyo tumepangiwa mwezi ujao. Shoga akaongeza 13,000, ndiyo maana anaiona hadithi hii ni mali yake. Wenye vianzio nawarudishia kidogo kidogo, mmoja kakubali kulipwa kwa mayai.

Jana jioni jirani wa nyumba ya pili kaja na paka wake mkononi, tumbo hili hapa, anadai Zuhura ndiye mhusika na nichangie nusu ya gharama za daktari.

Nikamuuliza kama ana uhakika ni jike.