Nilimtilia chai mtu wa kampeni

Mwezi wa sita 2024 aligonga mlango wangu hapa Ramsgate, Uingereza, bibi mmoja wa makamo ya mamangu, kamba ya mbwa mkononi, furushi la karatasi kwapani. Alikuwa akimfanyia kampeni mgombea wa ubunge. Mvua ilikuwa ile ya huku, isiyo na mwanzo wala mwisho, nikamwambia aingie, nikamtilia chai. Akanywa, akaniuliza kama nimejiandikisha, akaniachia karatasi moja, akashukuru na kwenda zake. Nikabaki nacheka peke yangu jikoni. Mimi mtoto wa Likoni, Mombasa. Tangu nipate akili sijaona mpiga kura akimtilia chai mtu wa kampeni. Kwetu chai hutoka upande ule mwingine.

Watu wa nyumbani hushangaa nikiwaambia napiga kura huku na uraia sina. Lakini sheria ya Uingereza humruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali kuchagua mbunge. Tarehe 4 Julai nilikwenda kwenye ukumbi wa kanisa na pasipoti yangu ya Kenya, wakaikubali kama kitambulisho, nikapewa karatasi ya kura na penseli iliyofungwa uzi. Nje hapakuwa na vijana wenye fulana za rangi, wala wa kuniuliza "mama, umetuachia nini". Dakika nne nimemaliza, nikaenda zangu kazini kuwaogesha wazee.

Karatasi ya yule bibi niliisoma baadaye. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, palikuwa na jina na anwani ya aliyeichapa, na jina la aliyeitoa kwa niaba ya mgombea. Ndivyo sheria inavyotaka. Karatasi iliyochapwa ni pesa iliyotumika, na pesa iliyotumika lazima ionekane kwenye hesabu. Katika jimbo la mashambani na miji midogo, lenye wapiga kura kama 75,000, mgombea wa 2024 aliruhusiwa kutumia pauni 11,390 wakati wa kampeni rasmi, na juu yake peni 12 kwa kila mpiga kura. Piga hesabu, unapata pauni 20,000 na kitu. Kwa shilingi zetu za wakati ule ni kama milioni 3.3.

Sasa njoo Kenya. Utafiti uliotolewa 2021 kuhusu uchaguzi wa 2017 ulikuta kwamba mgombea wa ubunge alitumia wastani wa shilingi milioni 18.2, na wa useneta milioni 35.5. Mgombea wa wadi, yule ambaye kazi yake ni taa za barabarani na mitaro, alitumia milioni 3.1. Yaani mwakilishi wadi wa kwetu hutumia karibu sawa na kikomo cha mbunge wa Uingereza. Na hapo sijazungumzia mishahara ya wale wanaotakiwa kuchangia, maana mimi nimo.

Kinachochekesha ni kwamba ukifuata makaratasi tu, kwetu ndiko rahisi. Mgombea wa ubunge hulipa tume ya uchaguzi shilingi 20,000, nusu yake akiwa mwanamke, kijana au mlemavu. Huku huweka dhamana ya pauni 500, na asipofikisha asilimia 5 ya kura hairudi. Mlango wetu uko wazi kabisa. Ni vile ukishaingia ndipo unaonyeshwa bei.

Mwaka 2022 bin ami yangu aligombea wadi. Sitaitaja. Kijana mwalimu, anajulikana mtaani kwa kuwafundisha watoto hesabu bure likizoni. Chama alichokwenda kuomba tiketi kilimpa mtu mwenye uzito zaidi, akaamua kusimama binafsi. Tukafungua kundi la WhatsApp, watu wa Jeddah, Doha, mimi Uingereza, mmoja Minnesota. Mimi nilituma pauni 400 kwa vipande vitatu. Nilimwomba kitu kimoja tu: aandike.

Akaandika, masikini. Ninazo picha za daftari lake hadi leo. "Vijana wa maskani 12,000." "Mafuta boda 20 – 6,000." Siku mbili baadaye, "mafuta boda tena 6,000". "Leso kina mama, deni." "Hema, viti, spika 15,000." "Msiba kwa mzee fulani, rambirambi 5,000." "Vijana wa maskani (wale wengine) 10,000." Mabango nadhani yalikuwa mstari mmoja katika kurasa nzima. Sera, yaani karatasi ya kueleza atafanya nini akichaguliwa, ilimgharimu 2,400 za fotokopi.

Siku ya kura pesa zilikuwa zimekwisha na bado mawakala hawajalipwa. Hapa ndipo watu wasiowahi kugombea huwa hawaelewi. Kwetu kura huhesabiwa kituoni, na kituo usichokuwa na wakala wako, ujue kura zako huko hazina mlinzi. Yeye alikuwa na vituo thelathini na ushei. Mgombea urais wa 2022 alikuwa na vituo 46,229. Weka wakala mmoja tu kila kituo, mpe 1,000 ya chakula na nauli, umeshakwenda shilingi milioni 46 kwa siku moja, na hujalipa wanasheria. Huku masanduku hufungwa muhuri na kupelekwa ukumbi mmoja wa jimbo, wanahesabu usiku kucha, na wanaotazama ni kina bibi wa mbwa, waliojitolea. Sehemu kubwa ya gharama yetu hainunui kura. Inanunua macho, kwa sababu hatuaminiani. Bin ami alipata mawakala vituo kumi na moja. Alishindwa, na hata leo hawezi kuniambia kwa hakika alishindwa kwa kura ngapi za kweli.

Mamangu alipigia nani? Nilimuuliza kwa simu. Alicheka. Alikuwa amepokea leso kutoka kwa wagombea watatu, na unga kutoka kwa wa nne. Nikaanza kumpa hotuba ya huku, kwamba anauza haki yake. Akaniacha nimalize, kisha: "Mwanangu, huyu nitamuona tena baada ya miaka mitano. Nisipokula leo nitakula lini?" Sikuwa na jibu, na bado sina. Barabara haijaja, basari ya mjukuu imeombwa mara tatu, leso imefika. Katika orodha ya ahadi za siasa, leso ndiyo pekee aliyoishika mkononi. Wanaowalaumu wapiga kura kwa kula hongo, wakiwemo wengi wetu huku ughaibuni, waanze na hesabu ya mamangu.

Ndiyo maana sikubali tukiambiwa wazungu ni waadilifu kwa tabia. Kusini ya hapa Ramsgate, safari ya basi tu, kuna mji uitwao Sandwich. Mwaka 1880 walifanya uchaguzi mdogo wa mbunge, na tume iliyochunguza ilikuta wapiga kura kwa mamia walikula hongo. Adhabu yake: mji ulinyang'anywa haki ya kuwa na wabunge wake. Miaka mitatu baada ya uchaguzi ule, 1883, ikapita sheria ya kuweka kikomo cha matumizi ya kila mgombea, na mle ndani ikakatazwa kulipia usafiri wa wapiga kura. Yaani mafuta ya boda, enzi za farasi! Kumlisha na kumnywesha mpiga kura ili akupigie bado ni kosa huku. Ndugu zetu wa Tanzania waliwahi kuliruhusu jambo hilo kisheria kwa jina zuri la takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipolitupa 2006.

Na Kenya je? Katiba ya 2010, kifungu cha 88, imeipa tume ya uchaguzi kazi ya kudhibiti kiasi cha pesa za kampeni. Sheria ya fedha za kampeni ilipitishwa 2013. Ikasimamishwa isitumike 2017. Agosti 2021 tume ikachapisha vikomo, urais ukiwa shilingi bilioni 4.4, nasi tukasema angalau tumeanza. Bunge likavikataa, kwa hoja ya taratibu na muda. Kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere, ulitarajia hukumu gani? Aliyeingia kwa milioni nyingi anaulizwa kama angependa mpinzani wake aweze kumfikia kwa chache.

Huku nako kuna uvundo, nisiwafiche. Hapa hapa kwetu, jimbo la Thanet ya Kusini, 2015, kikomo cha mgombea kwa kampeni rasmi kilikuwa takriban pauni 15,000, na gharama za kampeni ya chama tawala cha wakati ule, Conservative, zikafichwa kwenye hesabu za taifa. Kesi ilikwenda mahakamani, mbunge akaachiliwa, afisa wa chama akapatikana na hatia 2019. Chama chenyewe kilitozwa faini ya pauni 70,000, pesa ambazo kwake ni nauli. Kikomo cha vyama kitaifa kimepandishwa hadi zaidi ya pauni milioni 34, na 2023 tajiri mmoja, yeye na kampuni yake, walikipa chama hicho hicho pauni milioni 10. Kwa hiyo juu kabisa, pesa huongea Kiingereza vizuri tu. Tofauti ninayoiona iko chini, kwa mgombea wa kawaida. Barua moja kwa kila mpiga kura, posta hulipiwa na serikali. Matangazo ya siasa ya kulipia hayaruhusiwi kwenye televisheni wala redio, hivyo hakuna anayeweza kumzima mwenzake kwa kununua usiku mzima wa hewani. Mwalimu kama bin ami angeweza kugombea hapa na kushindwa bila kuuza pikipiki.

Aliiuza, ndiyo. Na deni la leso nililimalizia mimi 2023.

Wiki iliyopita lile kundi la WhatsApp limebadilishwa jina, sasa lina "2027" mwishoni. Nikamwandikia faragha: safari hii nitatuma, lakini nataka risiti kwa kila shilingi, na mstari wa vijana wa maskani siugharamii. Akanijibu kwa sauti, nyuma yake nasikia honi ya feri.

"Dada, nakuheshimu. Lakini risiti ya nani? Unataka nimwambie kijana wa boda anitilie sahihi? Hiyo siku nitakayomletea daftari, mwenzangu atakuwa amemletea helmeti."

Sijamjibu bado. Nimeingia zamu ya usiku.