Sufuri Inayopotea Kila Mwezi

Kila mwisho wa mwezi, katika ofisi yetu ndogo hapa Westlands, Nairobi, ninaletewa faili la wateja lililopitia lahajedwali (programu ya majedwali kama Excel), na kila mara sufuri ya mwanzo katika nambari za simu huwa imetoweka. Nambari ya simu si hesabu; hakuna anayeijumlisha wala kuigawanya. Hata hivyo, programu ikiiona 07 huitupa ile sufuri, na nambari inayoanza na 254, msimbo wa Kenya, kwa kuwa ina tarakimu 12, huionyesha kama 2.547E+11, sura ambayo hata mwenye simu hawezi kuitambua. Ndiyo maana mteja mmoja huingia katika hifadhidata mara tatu, kwa 07, kwa 7 na kwa +254, kisha programu yetu ya simu humkumbusha deni lilelile mara tatu (naye hutupigia akifoka, tena kwa haki).

Jana nilikaa hadi saa sita usiku nikirekebisha rekodi 4,000, ilhali aliyeliandaa faili angeugeuza tu mpangilio wa safu hiyo kuwa wa maandishi kabla ya kubandika, nami ningelala. Nimemweleza mara nne. Hujibu, “Sawa, ndugu yangu,” na mwezi unaofuata sufuri imekwenda tena.