Anayejiamini hawezi kubadilika? Mtazameni Fury

Kila likitangazwa pambano la marudiano, vijiweni hoja huwa ileile: jamaa anajiamini mno, atarudi na mchezo uleule. Mimi naona kinyume. Kujiamini hakumzuii bondia kubadilika, na mara nyingine ndiko kunakompa ubavu wa kutupa mbinu iliyomlea na kushika nyingine. Shahidi wangu ni Tyson Fury, bondia Mwingereza wa uzito wa juu, ambaye sidhani kuna mtu amewahi kumtuhumu kwa unyenyekevu.

Tarehe 1 Desemba 2018 jijini Los Angeles, Fury alimchezea Deontay Wilder, Mmarekani mwenye mkono wa kulia mzito, kwa mbali. Aliinama, akachomoka, akagusa kwa mkono wa kushoto na kuondoka. Aliangushwa mara mbili, raundi ya 9 na ya 12, na ile ya 12 mpaka leo sielewi aliinukaje. Majaji wakagawana: mmoja akampa Wilder 115-111, mwingine akampa Fury 114-112, wa tatu akaandika 113-113. Sare. Wengi tuliotazama tulimpa Fury.

Sasa, mtu anayeamini kashinda ana kila sababu ya kurudi vilevile, akijihadhari tu na zile ngumi mbili. Fury hakufanya hivyo. Aliachana na kocha wake Ben Davison na kumchukua SugarHill Steward, mpwa wa marehemu Emanuel Steward, aliyekulia katika shule ya Kronk ya Detroit, ambako bondia hufundishwa kwenda mbele na kumaliza kazi kwa mkono wa kulia. Kutoka kilo 116 za pambano la kwanza akapanda hadi karibu 124. Tena akatangaza waziwazi kwamba atampiga Wilder kwa KO, hata akataja raundi ya 2. Watu wakacheka. Nani anamwendea mwenye ngumi nzito kuliko zote huku amemwambia kabisa kwamba anakuja?

Februari 22, 2020, Las Vegas, kengele ikalia na Fury akaenda moja kwa moja katikati ya ulingo. Wilder anahitaji nafasi ya kuuvuta ule mkono wa kulia na miguu iliyotulia ya kuusukuma, na ukimrudisha nyuma anakosa vyote viwili. Akaanguka raundi ya 3, akaanguka tena ya 5 kwa ngumi ya mwilini. Raundi ya 7 kona yake ikarusha taulo.

Kilichomsukuma Fury kubadilika hakikuwa shaka juu yake mwenyewe. Alisema hawaamini majaji, basi atakuja kuhukumu kwa ngumi zake.

Miaka minne baadaye mtu huyohuyo alikuwa na lalamiko lilelile. Mei 18, 2024, Riyadh, alipoteza kwa Oleksandr Usyk wa Ukraine kwa kura zilizogawanyika, baada ya kuhesabiwa na mwamuzi raundi ya 9 akiwa ameshikiliwa na kamba. Akadai alishinda, na kwamba watu wameegemea upande wa Usyk kwa sababu nchi yake iko vitani. Desemba 21 wakarudiana hapohapo Riyadh. Fury alikuja na kilo 127, zaidi ya 8 juu ya zile za Mei, na akapunguza vituko vyake vya kuweka mikono mgongoni. Lakini mchezo wenyewe? Jebu (ngumi ya kuchoma ya mkono wa mbele) ileile, umbali uleule, na Usyk akaingia na mkono wake wa kushoto kama alivyozoea. Majaji wote watatu: 116-112. Fury akasema tena kwamba kashinda.

Kujiamini kulikuwa kulekule na majaji walilaumiwa vilevile, ila safari hii alichokibadili kikubwa ni uzito. Tofauti naiona kwa wapinzani. Udhaifu wa Wilder ulikuwa wazi, ulihitaji mtu mwenye moyo wa kuuendea. Usyk anacheza akirudi nyuma, anacheza akienda mbele, na anabadilika pambano likiendelea. Muulize Anthony Joshua: Agosti 20, 2022, Jeddah, katika marudiano yao, alikuja na kocha mpya, Robert Garcia, akapiga mwili kwa bidii, na raundi ya 9 ilikuwa yake kabisa. Raundi ya 10 Usyk akammiminia makonde mfululizo kama vile ya 9 haikuwepo. Joshua alibadilika kweli na bado akapoteza, jambo ambalo wabishi wa vijiweni hulisahau.

Kama kuna kujiamini kunakoua, ni kwa mshindi. Roberto Duran alimpiga Sugar Ray Leonard Montreal mwezi Juni 1980, pambano ambalo Leonard alikubali kusimama na kubadilishana naye. Novemba mwaka huohuo, New Orleans, Leonard alikuja akichezesha miguu, akimkejeli, hapatikani. Duran alikuja na mpango wa Montreal, baada ya kunenepa na kulazimika kukata kilo kwa haraka. Raundi ya 8 aligeuza mgongo, akakataa kuendelea.

Halafu yupo Wilder wa pambano la tatu, Oktoba 2021, ambaye ananivuruga hoja kidogo. Baada ya kipigo cha 2020 alilaumu vazi zito aliloingia nalo ulingoni, akamfukuza kocha wake Mark Breland aliyerusha taulo, yaani kila kitu isipokuwa yeye. Ungetegemea arudi vilevile. Lakini akiwa na kocha Malik Scott kwenye kona, raundi ya kwanza alikuwa akipiga jebu za tumboni, kwa utulivu ambao hatukuuzoea kwake. Nilisogea karibu na skrini. Raundi ya 3 akaangushwa, na tangu hapo akarudi kuwinda kwa mkono wa kulia. Ulimfikisha mbali, maana raundi ya 4 Fury alikuwa chini mara mbili. Ila zile jebu hazikurudi tena kwa maana yoyote, na raundi ya 11 akamalizwa akiwa hoi, akipigana kama Wilder yuleyule wa siku zote.