Kaskazini Ilikuwa Goti Langu la Kushoto

Kwa kuwa shemeji ameshatuma ile sauti yake ya dakika nne, ya jinsi nilivyowapoteza wenzangu kwenye safari yetu ya pikipiki kwenda Pangani, kwenye kila grupu alilomo, likiwemo la kwaya, sina cha kuficha tena. Ndiyo, ni mimi. Ndiyo, nilikuwa na ramani. Lakini pale anaposema "jamaa alisimama akamfundisha mzee wa watu jiografia ya kijijini kwake", hapo ametia chumvi. Sikumfundisha. Nilimwelekeza tu.

Wengi mnalijua lile begi langu la tenki. Nililiokota mtumbani, jeusi, chini lina sumaku nne za kung'ang'ania tenki la pikipiki, juu lina mfuko wa nailoni ang'avu wa kuwekea ramani, uisome huku unaendesha. Zipu nzima, mishono mizima. Ugonjwa ulikuwa kwenye huo mfuko: nailoni imekuwa ya njano kama chai ya rangi iliyolala, na imekakamaa, ukiikunja inalia. Nikasema huu mfuko nitaufufua. Mke wangu akauliza, kwani simu haina ramani? Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Simu inaisha chaji, mtandao unakata, juani kioo hakionekani. Karatasi haizimi." Maneno hayo shemeji ameyafanya kiitikio, kwa hiyo yakumbukeni.

Nilianza na sabuni ya vyombo. Wapi. Nikaja na dawa ya meno, nikasugua kwa mduara nusu saa nzima; begi likanukia mnanaa, njano ikabaki palepale. Mori ukanipanda, nikapitisha kitambaa chenye petroli. (Msijaribu.) Nailoni ikapiga ukungu hapohapo, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Ndipo nikalipeleka kwa fundi siti, yule anayewashonea bodaboda pale karibu na stendi. Akafumua mfuko wote, akakata ile nailoni nene, laini, wanayotandika juu ya kitambaa cha meza ili mchuzi usimwagikie, akaishona kwa uzi wa viatu, mshono mara mbili. Shilingi elfu nane. Kazi safi, sina ugomvi naye. Nilikuwa natoka nje usiku kulimulika kwa tochi.

Ramani zenyewe ni zile za serikali za skeli ya 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1, na karatasi moja inabeba eneo la kama kilomita 27 kila upande. Zina kila kitu: mito, shule, makanisa, mpaka reli za vitoroli za mashamba ya mkonge ambazo vyuma vyake vilishauzwa skrepa zamani. Sikutaka kuzichafua, nikazitoa fotokopi steshenari. Ya kwanza kuiweka ilikuwa ya upande wa Amani, maana nilikuwa napanga safari ya kupanda kule milimani. Nikaiacha pikipiki uani wiki nzima, juani, ili majirani walione begi.

Hiyo wiki ya juani ndiyo iliyonimaliza, ila wakati huo sikujua.

Jumamosi tukatoka Tanga pikipiki nne. Pongwe, Muheza, tukanywa chai. Kutoka Muheza kwenda Pangani barabara ipo, hata mbuzi wanaijua. Mimi nikasimama mbele ya wenzangu na kofia kwapani, nikatangaza kwamba barabara ni ya abiria, sisi tutapita ndani, mashambani, nami nitaongoza. Nikachomoa ramani ya Amani, nikaingiza ya upande wa Pangani. Pembeni yake, ndani ya mfuko uleule, nikachomeka dira ya mwanafunzi niliyoinunua shilingi elfu tatu. Nikajiona nahodha. Nilisahau kwamba hata Vasco da Gama mwaka 1498, na ukali wake wote, alipofika Malindi aliomba mtu wa kumwonyesha njia.

Kwa ambaye hajawahi kuingia shamba la mkonge: ni mistari. Mistari ya mkonge kushoto, mistari ya mkonge kulia, katikati njia ya udongo mwekundu iliyonyooka kama rula, kisha njia panda, kisha mistari mingine. Hakuna duka, hakuna mwembe wa kuwekea alama. Yule Mjerumani, Richard Hindorf, alipoleta mkonge huku mwaka 1893, miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Sitini na miwili! Ingekufa na hiyo, leo ningekuwa na heshima yangu.

Basi tumeingia. Natazama ramani, moyo unafurahi, maana ramani imejaa maelezo kuliko nilivyoikumbuka. Naiona njia yetu, kisha naiona njia nyingine nyembamba inaikata, inapinda kushoto, inapinda kulia, inapanda. Kontua, ile mistari ya kuonyesha mwinuko, zimesongamana kama nywele za kusukwa. Nikawapungia wenzangu: hii hapa, njia ya mkato. Kwenye ramani mbele kulikuwa na kona kali saba mfululizo. Kwa hiyo nikafanya anachofanya kiongozi yeyote makini, nikainua mkono kuwatahadharisha. Punguzeni, kona.

Kona haikuja.

Nikainua tena. Shemeji nyuma yangu anapunguza gia, anainamisha pikipiki kidogo kwa maandalizi. Mbele kumenyooka mpaka mwisho wa macho. Nikainua mara ya tatu. (Kwenye sauti yake anasema "alikuwa anapungia wananchi kama mgombea". Wananchi hawakuwepo. Ilikuwa milingoti ya mkonge.) Tuliposimama kunywa maji nikawaambia wasihofu, mlima uko mbele kidogo, ukishaisha tunakuta misheni, hapo tutaomba maji baridi. Mmoja akazungusha shingo taratibu, kote kote, akauliza: "Mlima upi?" Nikamwambia bado hauonekani kwa sababu ya mkonge.

Mkonge. Unaoishia kifuani.

Mnaniuliza kwa nini sikutazama dira. Nilitazama! Tena kila dakika mbili. Sindano ilikuwa imeelekea goti langu la kushoto, imetulia tuli. Sasa piga hesabu: kaskazini ikiwa nyuma yako upande wa kushoto, mbele yako ni kusini-mashariki, na kutoka Muheza, Pangani iko kusini-mashariki. Kamili! Tukikata kulia, natazama: goti la kushoto. Tukikata kushoto: goti la kushoto. Nikajisemea, kijana, una kipaji, hata ukikata kona hupotezi mwelekeo. Jua nalo halikusaidia. Mwanzoni mwa Oktoba saa sita mchana huku kwetu linasimama utosini kabisa, kivuli unakikanyaga mwenyewe.

Sasa tufike penyewe. Taratibu, maana hapa ndipo shemeji anapokimbia kwenye sauti yake, na mimi nataka mteseke nami.

Pale njia panda kulikuwa na trekta lenye tela, wakata mkonge wanapakia mizigo ya majani, na mzee mmoja amekaa juu ya kidumu kivulini mwa tela, anakula muhogo. Tulishapita pale. Mara ya kwanza walitupungia. Mara ya pili walitutazama. Hii ilikuwa mara ya tatu, na wote waliacha kazi.

Nikazima pikipiki. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu." Akatafuna kwanza, akameza. "Sie Tanga twasema waja leo, waondoka leo. Nyie mwaja leo, mwaja leo, mwaja leo. Mwaondoka lini?"

Wale wakata mkonge walicheka mpaka mmoja akashika gurudumu la tela. Mtu mwenye akili hapo angeuliza njia. Mimi nikasema: "Mzee, hatujapotea. Kwa mujibu wa ramani, hapa mbele kuna mlima."

"Hapa?"

"Na nyuma ya mlima kuna misheni."

Mzee akaweka muhogo chini. Akasimama, akatazama upande niliouonyesha kwa heshima kabisa, kiganja juu ya nyusi, kama mtu aliyeishi hapo miaka sabini ambaye labda, huwezi kujua, mlima ulimpita. Kisha akasogea kwenye pikipiki, akainama juu ya begi. Wengine wakaja. Shemeji akatoa simu, na nilifikiri anatafuta mtandao.

"Hebu nionyeshe huo mlima," akasema mzee.

"Nakuonyesha, mzee." Nikafungua mfuko. Nikashika fotokopi kwa vidole viwili, nikaichomoa polepole, kwa madaha, kama mwalimu anayetoa mtihani kwenye bahasha. Nikaitandaza juu ya siti. Nikatafuta mlima.

Karatasi ilikuwa na mistari iliyonyooka. Mkonge, mkonge, reli ya kitoroli, mkonge. Nikaigeuza. Nikaigeuza tena. Mlima hakuna, misheni hakuna. Kona hata ya dawa.

Kukawa kimya. Kijana mmoja mwenye panga akanigusa bega, akaonyesha begi kwa kidevu.

Mfuko ulikuwa mtupu. Na ndani ya ule mfuko mtupu, kwenye nailoni yangu mpya ya elfu nane, barabara ilikuwa bado ipo. Kona zote saba. Mlima na kontua zake. Kamsalaba ka misheni. Na juu, kwa herufi zilizofifia lakini zinazosomeka bila shida na kila mtu aliyekuwepo: AMANI.

Nilikuwa nimewaongoza watu wazima watatu saa mbili kwenye tambarare ya mkonge kwa kufuata barabara iliyochapwa kwenye plastiki, ya milima iliyo upande wa pili wa Muheza.

(Baadaye nilielewa. Nailoni laini ina mafuta ya kuifanya iwe laini, na mafuta hayo yakipata joto yanabandua wino wa fotokopi. Kama umewahi kuacha fotokopi ya cheti kwenye jalada la plastiki ukakuta majina yamehamia kwenye jalada, ndiyo hiyo hiyo. Na kwa kuwa karatasi imetazama juu, maandishi hayageuki kinyume, hayakupi hata dalili. Siku hizi karatasi naitia kwanza kwenye ile mifuko migumu ya faili, haibandui. Haya, tuendelee kucheka.)

Mzee akaingiza mkono mfukoni mwa begi. Akakwangua barabara kwa ukucha, ikatoka vumbi jeusi. Akautazama ukucha. Kisha akachukua dira yangu, akaiweka kiganjani mwake, akarudi nyuma hatua mbili. Sindano ikashtuka kama mtu aliyeamshwa, ikazunguka, ikatulia kwingine kabisa. Akairudisha juu ya begi: goti la kushoto. Akaiondoa: kwingine. Akairudisha: goti la kushoto. Alifanya hivyo mara nne. Nadhani mara mbili za mwisho ilikuwa kwa ajili ya shemeji aliyekuwa anarekodi.

"Kuna sumaku humu?"

"Nne," nikajibu. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtoto aliyeulizwa nani kala sukari.

"Basi hii dira yako haitafuti kaskazini, mwanangu. Yatafuta begi."

Yaliyobaki ni mafupi. Kijana wa baiskeli alitutoa mpaka barabara kuu kwa dakika kumi, akakataa hela, ila aliomba kupiga picha na begi. Pangani tukafika, samaki wa watu wanne nikalipa mimi, bila kuombwa. Nyumbani nikakuta mke wangu ameshaisikia ile sauti; akanipokea kofia, akaniuliza kwa upole kama karatasi ilizima. Grupu letu la pikipiki sasa linaitwa Goti la Kushoto, na mabadiliko hayo yalipigiwa kura nikiwa bado barabarani.

Wengi mmeniuliza kama nimeifuta ile nailoni. Sijaifuta. Safari ya Amani iko palepale, na mkubali msikubali, mwenye ramani ya kwenda huko ni mimi peke yangu. Isipokuwa kona mbili za mwisho. Hizo mzee alizikwangua.