Dawa za maumivu bila cheti: ruhusa inaishia wapi?

Ibuprofeni ilianza kuuzwa bila cheti cha daktari Uingereza mwaka 1983, na Marekani mwaka uliofuata. Mabishano hayajaisha tangu hapo. Kuna wanaosema dawa inayoweza kutoboa tumbo na kuzidhuru figo haifai kukaa rafu moja na peremende za kikohozi. Wengine wanauliza: mtu jino linampwita usiku wa manane, kweli akapange foleni ya daktari kwa ajili ya vidonge viwili? Kila upande una hoja, ila ukisikiliza vizuri utaona hawamzungumzii mgonjwa mmoja.

Faida na madhara ya dawa hizi vinapikwa chungu kimoja. Ibuprofeni, naprokseni, diklofenaki na aspirini huzuia vimeng'enya vinavyotengeneza prostaglandini, kemikali za mwili wenyewe, kazi ambayo mtafiti wa dawa Mwingereza John Vane aliionyesha mwaka 1971. Prostaglandini ndizo zinazovimbisha kifundo kilichoteguka, zinazopandisha homa na zinazoukaza mji wa mimba siku za hedhi. Hizo hizo ndizo zinazosaidia tumbo kutoa ute wa kulikinga na asidi, na ndizo zinazotanua mishipa inayopeleka damu kwenye figo mwili unapopungukiwa maji. Ukizizuia kwenye jino, umezizuia na tumboni. Kwa hiyo hata kidonge chenye ganda lisiloyeyuka tumboni, hata dawa inayopitishwa njia ya haja kubwa, inaweza kuleta kidonda, kwa kuwa inalifikia tumbo kupitia damu. Chakula nacho kinasifiwa kupita kiasi: kinapunguza kichefuchefu, lakini asidhani aliyekula ameshakingwa na vidonda.

Wanaotetea uuzaji huru wanategemea masharti yaliyoandikwa kwenye boksi, na masharti yenyewe ni mazuri. Mtu mzima anameza ibuprofeni miligramu 200 hadi 400, anasubiri saa 6, na hazidishi miligramu 1,200 ndani ya saa 24. Lebo za Marekani zinaweka siku 10 kwa maumivu na siku 3 kwa homa. Kijana asiye na ugonjwa mwingine akifuata hayo, madhara makubwa ni nadra. Tena kwa maumivu ya kawaida, kama ya jino, kuvuka miligramu 400 kwa mkupuo kunaongeza nafuu kidogo sana. Aliyemeza 400 na bado anaumia atafaidika zaidi kwa kuongeza parasetamoli gramu 1 kuliko kidonge cha tatu cha ibuprofeni, kwani parasetamoli haifanyi kazi kwa njia ile ile. Nayo ina kikomo chake, gramu 4 kwa siku, na anayekivuka anahatarisha ini.

Tatizo ni kwamba ruhusa hiyo ilipimwa kwa mtu wa kipimo kidogo na siku chache. Wanunuzi wengi si huyo.

Mchukue mwenye mgongo anayemeza ibuprofeni 400 mara tatu. Hapo kikomo cha 1,200 kimefika. Mafua yanamshika, ananunua vidonge vya mafua vyenye ibuprofeni 200 ndani yake, navyo anameza mara tatu: 1,800. Jioni jirani anampa diklofenaki, "hii ndiyo kali." Sasa ana dawa mbili za ukoo mmoja. Nafuu haiongezeki mara mbili, ila hatari ya tumbo kuvuja damu inapanda. Hakuna alipofanya uzembe mkubwa, ila alisoma jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa bila kutafuta jina la dawa lililoandikwa chini kwa herufi ndogo. Na hata majina akiyajua, ratiba hazifanani: naprokseni ya miligramu 220 humezwa kila baada ya saa 8 hadi 12, isizidi vidonge 3 kwa siku. Akiihesabia saa za ibuprofeni, amezidisha.

Kisha yupo mzee wa goti na presha, ambaye kwa maoni yangu ndiye anayewapa haki wanaotaka udhibiti. Dawa ya presha ya jamii ya enalaprili au losatani inalegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio la figo. Dawa ya kuongeza mkojo inapunguza maji mwilini. Akiongeza ibuprofeni, mshipa unaoingiza damu nao unabana. Mlango wa kuingilia umefungwa nusu, wa kutokea uko wazi, na msukumo hakuna. Siku akiharisha au kutapika, figo zinaweza kugoma ndani ya siku chache, huku yeye akiona anatibu goti tu. Dawa hizi pia hupandisha presha yenyewe.

Anayemeza aspirini ndogo kwa ajili ya moyo ana mtego mwingine. Ibuprofeni huwahi kukalia nafasi ya aspirini kwenye chembe za kugandisha damu, aspirini ikifika inakosa pa kushika. Kwa aspirini isiyo na ganda, ibuprofeni imezwe angalau dakika 30 baada yake, au zaidi ya saa 8 kabla yake. Yenye ganda haina hesabu rahisi hivyo, aulizwe mfamasia.

Wengine orodha yao ni fupi na haina mjadala: aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye pumu inayoamshwa na aspirini, mjamzito kuanzia wiki ya 20, na mwenye homa inayoshukiwa kuwa dengi. Hawa wasijinunulie. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16. Na choo kikiwa cheusi, chenye kunata kama lami, dawa iachwe na mtu aende hospitali saa hiyo hiyo. Asisubiri tumbo liume, maana kwa wazee kidonda kinaweza kuvuja damu bila maumivu yoyote.

Je, zirudishwe zote nyuma ya kaunta? Mimi naona hapana. Mwenye jino na mwenye hedhi wangeadhibiwa bure, na wengi wangeishia kuzidisha parasetamoli. Nafuu kuamua dawa moja moja na namna inavyotumika. Mwaka 2015 Uingereza iliondoa vidonge vya diklofenaki kwenye mauzo ya bila cheti kwa sababu ya hatari kwa moyo, ikaiacha jeli. Jeli hiyo huingiza kwenye damu takriban asilimia 6 tu ya kiasi ambacho kidonge kingeingiza. Yule mzee wa goti angeanzia hapo, baada ya kumwambia mfamasia dawa zake za presha: jeli ya asilimia 1, gramu 4 kwenye goti, mara nne kwa siku, bila kufunga bandeji juu yake na bila kumeza kidonge cha ukoo huo huo pembeni. Nafuu inaweza kuchukua hadi siku 7 kuonekana. Zikipita hizo bila mabadiliko, goti linahitaji kuonwa na daktari.